Kikapu cha Mzaramo

Mwezi uliopita nilipanda treni mpaka Tabora kwenda kumzika Mama Kalunde, na nilipofika nyumbani kwake nilijilaza kizingitini nikazuia jeneza lisitoke. Nina miaka hamsini na nane na magoti yangu hayapatani tena na sakafu ya saruji, lakini nilijinyoosha kama gogo, kichwa huku, miguu kule. Vijana waliobeba jeneza walisimama wakatazamana. Mmoja akainama akaniuliza kwa upole, "Mzee, umezidiwa?" Nikamwambia sijazidiwa, ila mwanamke huyu hatoki humu ndani mpaka niletewe jogoo, kwa sababu ameniibia na sasa anataka kutorokea mbinguni kabla sijadai changu. Nyuma ya chumba mzee mmoja akaanza kucheka. Kisha wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka kwa machozi yale yale, na Kalunde, binti mkubwa wa marehemu, akapenya katikati ya watu akasema, "Mwacheni. Huyu ni Mzaramo wa mama."

Kwa msomaji aliyekulia mbali na mambo haya, niseme tu kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipotembea miezi mitatu na pembe za ndovu kichwani kutoka huku bara hadi kwetu pwani, wakafika wamekonda, wakalala katika vijiji vyetu, wakazikwa na babu zetu wale walioshindwa kurudi. Watu waliozikana hawawezi kuoneana haya. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akakuta kitu kimempendeza, akakichukua mchana kweupe, nawe huruhusiwi kununa. Na ukifa, ni yeye anayepaswa kuuchekesha msiba wako ili waliobaki wapate nguvu ya kushika jembe. Jogoo aliletwa. Binti yangu Tausi akaniinua kwa mkono, akanipangusa vumbi mgongoni, na tukamzika Mama Kalunde kwa heshima zote.

Jioni tulikaa uani, mimi na Tausi, tukila ugali na kisamvu cha karanga kutoka sahani moja kama zamani. Jikoni wanawake walikuwa wanasimuliana. "Ndiye yule aliyesuka kikapu kama kichwa cha mbuzi," alisema mmoja. "Hakukisuka yeye, alisukiwa," alisema mwingine. "Mimi nilisikia kilimwaga viazi barabara nzima," alisema wa tatu, na wote wakacheka. Tausi aliacha kutafuna. Ana miaka thelathini na sita, ana watoto wawili, ni msimamizi wa wauguzi kumi na mmoja, lakini pale alikunja uso kama mtoto wa darasa la tatu. "Baba," akasema, "wanasimulia vibaya. Usipoandika wewe, ndivyo itakavyobaki." Basi naandika.

Mwaka ule Tausi alikuwa na miaka tisa na mimi nilikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Tabora. Mama yake alikuwa Mwanza, masomoni, kwa mwaka mzima. Tulipanga vyumba viwili Kitete, katika ua wa Mama Kalunde, na kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati; ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, zikaacha uwazi ambamo mazungumzo, moshi wa kuni na harufu ya dagaa wa Kigoma vilipita bila kubisha hodi. Ukikohoa upande huu, mtu wa upande ule alikupa pole. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda changu, meza, kabati na redio. Cha nyuma kilikuwa cha Tausi, na ukutani alikuwa amepanga juu ya ubao vitu vyote alivyowahi kutengenezewa na mama yake: mwanasesere wa vitambaa mwenye shanga za macho, kipepeo cha kupepea moto, kofia ya uzi, mkufu wa mbegu. Mwisho wa ubao, peke yake, kilikaa kitu nilichotengeneza mimi. Kilikusudiwa kuwa kuku.

Mikono yangu ilijua kalamu na muhuri. Ningeweza kuandika majina ya abiria mia bila kufuta hata moja, na kufunga mafurushi ya karatasi za mizigo kwa kamba yakafika Kigoma hayajalegea. Lakini ukinipa kitu laini na kuniambia nikipe umbo, vidole vyangu viligeuka vya mtu mwingine, mtu mwenye usingizi. Shule ya Tausi ilitaka kazi ya mikono kila Ijumaa, na wazazi walitakiwa kusaidia. Ufagio nilioufunga ulipukutika mwalimu alipoushika. Tiara niliyomtengenezea ilipanda futi mbili, ikageuka, ikamjia usoni. Mwanasesere wa gunzi la hindi nilimsahau kwenye jua, na panya wakamaliza kazi. Kila mara Tausi alisema "Asante, Baba," kwa adabu kamili, na kuanzia mwezi wa sita aliacha kuniomba. Nilimwona Ijumaa asubuhi akitoka na kitu mkononi ambacho sikujua kimetoka wapi, na sikuthubutu kuuliza.

Shule ile ilikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwingine. Kila mwaka, kabla ya mvua, wanafunzi wa darasa la tatu walitembea msafara. Walipangwa mstari mmoja, wakabeba mizigo kichwani, wakaifuata njia ya zamani kutoka shuleni mpaka Kwihara, kama walivyotembea babu wa babu zao. Sharti lilikuwa kwamba mzigo uwe wa kweli, viazi vitamu kumi vikubwa, na kikapu kiwe kimesukwa nyumbani na mzazi wa mtoto au yeyote anayemlea. Kikivunjika njiani, mtoto anabeba viazi kwenye nguo yake mpaka mwisho, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kumsaidia. Wazazi wanatembea nyuma, na shule nzima inawangoja Kwihara. Mwishoni Mwalimu Maganga, mzee mwenye fimbo na daftari la jalada jeusi, husoma jina la mtoto na jina la aliyemsukia, na watu hupiga makofi, au hawapigi.

Nililisikia jambo lenyewe kupitia ule uwazi wa ukuta, siku moja mchana, nilipokuwa nimerudi kula kabla ya zamu ya jioni. Nilikuwa na tonge mkononi. Upande wa pili Mama Kalunde alikuwa anapepeta mchele, nilisikia ungo ukicheza.

"Bibi," sauti ya Tausi ilisema, "naomba nikuandikishe wewe."

"Uniandikishe wapi?"

"Kwenye daftari la Mwalimu Maganga. Kila mtu anataja atakayemsukia kikapu."

"Baba yako yupo."

"Yupo, lakini hajui." Ungo ukanyamaza. "Akisuka yeye viazi vitamwagika barabarani, halafu watu wote watamcheka. Sitaki wamcheke."

"Unamficha baba yako?"

"Namficha kidogo tu."

"Haya. Niandikishe," alisema Mama Kalunde. "Lakini ukumbuke baba yako ni mtani wangu, na sijamzika bado. Naweza kubadili mawazo."

Nilirudisha tonge sahanini. Nimewahi kukemewa na wakubwa wa kazi, nimewahi kuachwa na treni nikiwa na mgonjwa mgongoni, lakini sijapata kusikia neno lililonishusha kama lile la mtoto anayejitwika aibu yangu ili wengine wasiione. Alikuwa amenifunika, kama unavyokifunika kwa kanga chungu chenye ufa mgeni anapoingia. Nilikwenda zamu ile, nikakata tiketi za Igalula, za Kaliua, za Mpanda, na kila mkono uliopita dirishani niliutazama: mikono ya wakulima, ya wafinyanzi, ya akina mama wenye vidole vilivyopasuka, na nikajiuliza kila mmoja ulijifunza lini, na nani aliuona ukikosea kwanza.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Mama Kalunde jikoni kwake akikoroga uji. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa haraka, na alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia shambani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mbona mapema? Umefukuzwa kazi?"

"Nataka unifundishe kusuka ukili."

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Sema tena."

"Ukili. Wa kushonea kikapu."

"Kalunde," aliita, "njoo usikie maajabu. Hawa watu wa pwani ndio wenye mikeka. Mkeka ninaolalia ni wao, mkeka nitakaozikiwa ni wao. Leo Mzaramo amekuja kwa Mnyamwezi kujifunza ukili." Kalunde, aliyekuwa msichana wa miaka ishirini, alitokea mlangoni na mswaki mdomoni akaniangalia kwa huruma. Mama yake aliendelea. "Mama yako hakukufundisha?"

"Alifundisha dada zangu. Mimi alinipeleka shule."

"Pole. Nitakufundisha. Lakini utakaa hapa uani, kwenye mkeka wa wanawake, watu wakipita wakuone. Ukijifungia ndani nitajuaje unapokosea? Na mimi nitacheka saa ngapi?"

Hivyo kwa wiki tano, kila nilipotoka zamu, nilikaa uani kwenye mkeka wa wanawake, shati la kazi mwilini, bunda la ukindu, majani ya mkindu, miguuni. Ukindu uliletwa na kaka yake Mama Kalunde kutoka Igalula, umekaushwa na kuchanwa vipande vyembamba. Ukili unaanza na majani tisa. Jani la ukingoni linapita juu ya mawili, chini ya mawili, linakunjwa, linarudi, na lile la upande mwingine linafanya hivyo hivyo, mpaka upatikane utepe mrefu unaoshonwa kwa kuuzungusha kuanzia kitako cha kikapu hadi mdomoni. Ni rahisi kusema. Mimi nilikuwa napoteza jani. Nilianza na tisa, nikitazama nina saba, na mawili yamesimama juu kama pembe. Wanawake wa mtaa walipita makusudi. "Karani, treni ya Kaliua imefika?" waliuliza, na nilipoinua kichwa kujibu nilikuwa nimeshasahau jani lipi lilikuwa zamu yake. Mama Kalunde aliwajibu kwa niaba yangu: "Imefika, lakini huyu ameisuka pamoja na ukili." Tausi alikuwa akirudi shuleni, anatusalimia, anapita ndani. Hakuniuliza nasuka nini. Lakini niliona siku moja kwamba alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, akihesabu majani kwa midomo pamoja nami.

Kikapu cha kwanza nilikimaliza mapema, na nilikisuka kizuri. Nasema hivi bila haya. Ukili wake ulikuwa umekaza kiasi kwamba Kalunde alikipitisha mkono ndani, akasema hata maji yangekaa. Kosa lilikuwa dogo na lilikuwa la kwetu. Mama Kalunde alinifundisha kufunga ukindu kwenye kitambaa chenye unyevu, basi, ulainike kiasi. Mimi nilimkumbuka bibi yangu kule Kisarawe, miguu yake miwili huku na huku ya ndoo, na miyaa yake ya kusukia imezama ndani ya maji kutwa, na nikadhani Wanyamwezi hawajui. Nikauloweka ukindu kwenye ndoo siku nzima, kwa siri, chumbani kwangu. Ukalainika kama tambi. Vidole vyangu vikautii, na mimi nikafurahi kwamba hatimaye nimekuwa fundi. Lakini bibi yangu alisuka mahali ambapo hewa yenyewe ina maji. Tabora mwezi wa tisa jua hukausha hata mate mdomoni. Kikapu kilikaa juu ya kabati siku nne, na kila jani lililokuwa limevimba kwa maji likanywea. Nilipokishusha kilikuwa wavu. Niliona kidole changu upande wa pili.

Tausi alikichukua. Akamimina ndani yake karanga za kwenye bakuli, na karanga zikaanza kutoka chini, moja, tatu, kisha zote, zikaruka sakafuni mpaka chini ya kitanda. Tulizitazama. "Labda kinafaa kwa maboga," alisema, akapiga magoti kuziokota.

Uani, Mama Kalunde alikiinua kikapu juani akanitazama kupitia kwenye matundu yake. "Mzaramo, umekiloweka."

"Kidogo."

"Umekisuka kwa maji ya bahari. Huku hakuna bahari, mtani. Huku kila tone la maji litakuja kudaiwa na jua." Akanirudishia. "Anza tena. Una wiki moja na siku tatu."

Nilianza tena, na hapa sina budi kukiri. Jumamosi ile nilikwenda sokoni, nikapita kwenye mihogo na asali na michembe ya viazi vikavu iliyorundikwa mafungu mafungu, mpaka kwa mama mmoja anayeuza vikapu, nikanunua kimoja cha kadiri ile ile, kizuri kwa kiasi tu, nilichochagua makusudi kwa sababu kilipinda kidogo. Nilijiambia ni cha akiba. Nilijiambia mtoto hawezi kwenda msafarani na wavu. Nikakiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku, na tangu hapo ukili nilioendelea kuusuka uani ulianza kulegea, kwa sababu mkono unajua moyo unapokuwa na njia nyingine.

Msafara ulikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana, Tausi akiwa ametoka shuleni na anakunywa uji mezani, Mama Kalunde aliingia bila hodi, akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuteka," alisema. Hilo ndilo neno la watani. "Muda mrefu sijachukua kitu kwa huyu Mzaramo wangu." Akaitazama redio, akaikataa. Akalitazama shati langu jipya, akasema lina mabega ya mtu mwoga. Kisha macho yake yakapanda juu ya kabati, ambako mkono wa kikapu ulikuwa umechomoza nyuma ya sanduku. Akavuta kiti, akapanda, akakishusha.

"Kizuri hiki. Nakichukua."

"Mtani, subiri. Hicho hapana."

"Hapana kwa nini? Unajua sheria. Cha kununua nachukua. Kitu pekee ambacho mtani hawezi kuchukua ni kile ulichokitolea jasho kwa mkono wako mwenyewe." Aliniangalia moja kwa moja, na macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. "Kama umekisuka wewe, sema tu, nitakirudisha juu, na Tausi akibebe kesho. Umekisuka wewe?"

Tausi alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kikombe. Ningesema neno moja tu. Nadhani angeniamini, kwa sababu alitaka sana kuniamini, na kesho angetembea kichwa juu mbele ya shule nzima na uongo wangu kichwani. Nje jogoo aliwika saa isiyo yake.

"Sikukisuka," nilisema. "Nilikinunua sokoni. Kichukue."

"Asante, mtani," alisema Mama Kalunde, akakipachika begani akatoka nacho. Alikwenda nacho sokoni miaka yote iliyofuata, akimweleza kila aliyetaka kusikia kwamba amekiteka kwa Mzaramo.

Tausi aliweka kikombe chini. Nilingoja aniangalie kama alivyoiangalia ile tiara. "Ukili umefika wapi?" aliuliza.

"Bado pima moja. Halafu kushona."

"Basi tukae nje," alisema, "ndani hakuna mwanga," na ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu kusema neno lililotuweka wote wawili ndani yake. Tulikaa uani. Mimi nilisuka, yeye akanihesabia majani kwa sauti, tisa, tisa, tisa, na mpita njia aliyeuliza habari za treni alijibiwa na Tausi kwamba ofisi imefungwa. Saa kumi tukaanza kushona kwa shazia, ile sindano nene ya mikeka na magunia. Mama Kalunde alikuwa amenionyesha fundo la kumalizia mshono, lakini sikuwahi kulipata; kwenye kikapu cha kwanza alinifungia Kalunde. Lilifunguka kila nilipoliachia. Kwa hiyo nilifunga lile ninalolijua, fundo la stesheni, la kufungia karatasi za mizigo, mizunguko miwili na kurudi chini yake. Halikuwa zuri. Lilikaa nje ya kikapu kama chunjua. Tausi alilivuta kwa meno, likakataa kuachia. "Nifundishe hilo," alisema. Nikamfundisha. Jua lilipogusa mapaa tulikuwa na kikapu. Kilikuwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine, mdomo wa yai, na machunjua kumi na saba. Tulikitia viazi kumi, nikakiinua, na tukasubiri. Hakikutoka kitu.

Asubuhi ya msafara vumbi lilikuwa bado limelala. Watoto thelathini na kitu walisimama mstari mmoja, ngata za kanga kichwani, vikapu juu yake, na kulikuwa na vikapu vya kutia wivu, vyenye mistari ya zambarau na kijani, vyenye vifuniko. Cha Tausi kiliinama kushoto kana kwamba kinasikiliza jambo. Nilisikia mzazi mmoja akimuuliza mwenzake kama kile ni kikapu au kofia. Mwalimu Maganga akapiga fimbo chini, na msafara ukaondoka, watoto wakivuma wimbo usio na maneno, sisi nyuma yao, Mama Kalunde akiwa katikati yetu na kikapu chake cha mateka mkononi.

Njia ile ni mchanga mwekundu na miti iliyojitenga, na ukitembea nyuma ya watoto wenye mizigo unaelewa kitu ambacho vitabu havisemi. Shingo inatetemeka. Mtu aliyebeba hatazami popote ila mbele. Nusu ya njia, mkono wa kikapu kimoja kizuri cha zambarau ulikatika, viazi vikatawanyika, na mtoto akavikusanya kwenye gauni lake akilia kimya kimya. Tulipoanza kupanda kilima kidogo nikaona kitako cha kikapu chetu kikifunguka. Mshono wa ukingo ulikuwa umeachia, urefu wa kiganja, na kiazi kimoja kilikuwa kimetoa pua. Nilipiga hatua mbele. Fimbo ya Mwalimu Maganga ilikuja ikasimama kifuani pangu. "Wazazi nyuma," alisema, wala hakugeuka.

Tausi alikuwa ameshahisi. Alitoka kwenye mstari, akapiga magoti, akashusha kikapu, akamimina viazi kwenye sketi yake ya shule. Kisha akageuza upindo wa kola yake akachomoa shazia. Alikuwa ameificha hapo tangu asubuhi, na uzi wake, kwa sababu alikuwa na akili na alinijua. Mstari ukampita. Watoto wote wakampita, hata yule aliyebeba viazi kwenye gauni. Sisi wazazi tulisimama hatua kumi nyuma, na hakuna aliyecheka, maana mtoto alikuwa anashona bila haraka, mshono baada ya mshono, akivuta kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa dole gumba la kushoto, kama nilivyokuwa nikifanya mimi uani, na ulimi wake umetokeza pembeni ya mdomo kama wangu. Alipofika mwisho alizungusha mara mbili, akarudi chini yake, akakaza kwa meno. Mama Kalunde alinisogelea. "Fundo gani hilo?" alinong'ona.

"La ofisini."

"Mh," alisema, akanyoosha shingo alione vizuri.

Tausi alirudisha viazi, akajitwika mwenyewe, akatembea. Alifika Kwihara wa mwisho. Shule nzima ilikuwa imekaa chini ikimsubiri, na alipita katikati yao na kile kikapu kilichoinama, akakishusha mbele ya Mwalimu Maganga, akavitoa viazi kimoja kimoja. Vilikuwa kumi. Mwalimu akafungua daftari.

"Tausi Shomari. Kikapu cha Mama Kalunde."

Makofi yakaanza. Tausi akainua mkono, mkono wote, kama darasani, mpaka makofi yakakatika.

"Hapana, Mwalimu. Niliandikisha vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kimesukwa na baba yangu. Mimi nimeshona tu hapo chini. Kwingine kote ni yeye."

Mwalimu Maganga alikishika kikapu, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye machunjua moja baada ya jingine. Kisha akanitafuta kwa macho kati ya wazazi, na shule nzima ikageuka naye. Nilitaka kuinama. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama pia, kidevu juu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na hakuwa ananificha tena kwa mtu yeyote.

Mama Kalunde alisimama. "Mwalimu, futa haraka," alisema kwa sauti iliyofika hadi mstari wa mwisho. "Tangu tumetoka mjini naomba Mungu watu wasisikie kwamba kile ni changu."

Kicheko kilichopasuka pale sijakisikia tena mahali popote, na ndani yake makofi yalikuja, ya watoto kwanza, kisha ya wazazi, ya yule aliyeuliza kama ni kofia, ya mama wa kikapu cha zambarau. Mwalimu alichukua kalamu, akakata jina moja, akaniita mbele. "Jina lako kamili?" aliniuliza. Mimi, niliyeandika majina ya wasafiri wa reli nzima, nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Tausi akamtajia yeye, la kwangu, la babu yake, na la ukoo wetu wa Kisarawe, polepole, akisimama juu ya vidole vya miguu ili aone kama Mwalimu anayaandika yote.